Uungwana wa Kiongozi Huandaliwa Mapema

Hotuba ya kushindwa iandikwe kabla ya kampeni kuanza. Hilo ndilo shauri la kwanza ninalompa mtu anayetia nia ya udiwani, ubunge au uenyekiti wa mtaa, na ndilo linalopokewa kwa shingo upande kuliko yote. Wengi huona ni kujitabiria mabaya. Lakini fikiria usiku wenyewe wa matokeo: saa tisa za usiku, mwili umechoka, fedha zimekwisha, simu inaita bila kukoma na kila anayeingia chumbani ana habari yake ya wizi wa kura. Katika hali hiyo ni watu wachache mno wanaoweza kutunga maneno ya kiungwana. Aliyeshindwa atasema yaliyomjaa moyoni, na wafuasi wake watayachukua kama amri.

Naandika haya kwa ajili yako unayefikiria kuchukua fomu, au uliyekwisha kuchaguliwa na ungependa watu wakuheshimu bila kukuogopa. Nitakayoyataja hayahitaji uwe umezaliwa mpole. Muungwana ni kitendo, wazee wetu walikwisha sema, na kitendo kinaweza kufanyiwa mazoezi, kuwekewa ratiba, hata kukabidhiwa msaidizi akukumbushe.

Hotuba yenyewe isizidi nusu ukurasa. Mtaje mshindi kwa jina lake kamili, si "mwenzetu" wala "huyo waliyemtangaza". Washukuru mawakala wako waliokaa vituoni tangu alfajiri hadi kura ya mwisho ilipohesabiwa, na kabla ya kuwashukuru hakikisha posho zao zimelipwa, maana shukrani ya jukwaani kwa kijana anayekudai nauli ya kurudi nyumbani inaumiza. Waambie wafuasi wako kwa maneno yasiyo na fumbo: rudini nyumbani, duka la mtu lisiguswe, bendera ya mtu isishushwe. Kisha shuka jukwaani. Usitie "lakini" baada ya pongezi, kwa sababu kesho yake watu watalikumbuka hilo tu.

Tuna methali kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Katika siasa methali hiyo husikika zaidi kinywani mwa mshindi, akiitumia kumfunga mdomo aliyeshindwa. Huo nao ni utovu wa uungwana. Mwenye haki ya kuitamka ni aliyeshindwa peke yake.

Simu kwa mshindi ipigwe mapema, matokeo yakishakuwa wazi kwenye fomu ulizokusanyiwa na mawakala wako, hata kama msimamizi wa uchaguzi hajatangaza. Nchini Nigeria, Machi 31, 2015, Rais Goodluck Jonathan alimpigia mpinzani wake Muhammadu Buhari kumpongeza kabla Tume ya Uchaguzi haijamaliza kazi yake. Baada ya uchaguzi wa 2011 watu zaidi ya 800 walikuwa wameuawa katika ghasia za kaskazini mwa nchi hiyo, na safari hii wengi walikuwa wamejiandaa kwa mabaya. Simu ile iliwanyang'anya wenye mapanga sababu ya kutoka nje. Miaka 15 kabla yake, Abdou Diouf wa Senegal naye alimpigia Abdoulaye Wade. Katika kata yako huenda hakuna hatari ya ukubwa huo, lakini yupo kijana ambaye bodaboda yake itachomwa moto usiku huo au itapona, kutegemea dakika mbili za mazungumzo yako.

Usiipige kwa kutarajia malipo. Kenneth Kaunda aliitawala Zambia kwa miaka 27, akashindwa katika uchaguzi wa Oktoba 31, 1991, akakubali, na kabla ya kuondoka akamtembeza Frederick Chiluba ndani ya Ikulu ya Lusaka kumwonyesha makao yake mapya. Siku ya Krismasi ya 1997 serikali ya Chiluba ilimkamata kwa tuhuma za kuhusika na jaribio la mapinduzi, hata Mwalimu Nyerere akafunga safari kwenda kumwona kizuizini. Uungwana wa 1991 haukumkinga Kaunda. Ulichofanya ni kuiwezesha nchi yake kubadilisha utawala bila damu, na hilo halikufutika alipokamatwa.

Hapa niseme jambo ambalo washauri wengi wa siasa hulikwepa. Aliyeporwa kura haombwi kutabasamu. Ukiwa na ushahidi kwamba fomu zimebadilishwa au mawakala wako wamefukuzwa vituoni, kunyamaza ni kuwasaliti waliokupigia kura. Kinachotakiwa ni kutenganisha mambo mawili kwa siku na kwa mahali: usiku wa matokeo unawatuliza watu, na malalamiko unayapeleka yanakopaswa, yakiwa na fomu, hesabu na mashahidi. Katiba ya Kenya inampa mlalamikaji wa matokeo ya urais siku 7 za kufika Mahakama ya Juu, na mahakama siku 14 za kuamua. Septemba 5, 2022, majaji walipotupa kesi ya Raila Odinga, yeye alisema anauheshimu uamuzi wao ingawa hakubaliani nao kabisa. Mtu anaweza kuyasema yote mawili kwa pumzi moja bila kujidhalilisha. Lakini ili mwanasiasa aombwe kwenda mahakamani, sharti mahakama iwe mahali ambapo anaweza kushinda, na wenye madaraka wanaohubiri uvumilivu huku wamefunga mlango huo hawana uungwana wa kumfundisha mtu.

Jukwaani, ulimi ukiwa na umati

Septemba 1, 2017, Mahakama hiyohiyo ya Juu ya Kenya ilifuta ushindi wa Rais Uhuru Kenyatta. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea Afrika. Rais alilihutubia taifa kwa utulivu, akasema hakubaliani na uamuzi lakini anauheshimu, akawaomba Wakenya wasalimiane na majirani zao. Siku hiyohiyo akaenda soko la Burma, Nairobi, akasimama mbele ya wafuasi wake, akawaita majaji wakora. Mtu ni mmoja na siku ni moja. Hotuba ya kwanza iliandaliwa, ya pili ilitungwa na umati.

Ndiyo maana mimi huwahofia sana wagombea wanaojisifu kwamba hawahitaji karatasi. Umati unaokupenda ni hatari kuliko unaokuzomea. Unakushangilia zaidi kila unapomwumbua mtu, na shangwe hiyo inalevya. Kabla hujapanda jukwaani, andika kwenye kipande cha karatasi mambo matatu ambayo hutayasema leo hata ukishangiliwa vipi: jina la mke wa mpinzani wako, ugonjwa wake, kabila lake. Kesho andika mengine. Mkabidhi nakala mtu mmoja unayemwamini, asimame pale unapoweza kumwona, na mkubaliane ishara. Akigusa kofia, badilisha mada. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mwanasiasa hujikwaa ulimi mbele ya simu mia moja zinazorekodi.

Ulimi wako pia una matawi. Wapambe, waendesha kurasa zako za mitandao, msanii anayefungua mkutano kwa vijembe, yule kijana mwenye kipaza sauti juu ya gari la matangazo: wote hao husikika kwa sauti yako. Mgombea hawezi kusema "mimi sikutamka" ilhali gari lile amelitia mafuta yeye. Siku ya kwanza ya kampeni waite wote chumba kimoja, usome masharti kwa sauti, na useme atakayeyavunja ataondolewa. Kisha mwondoe wa kwanza atakayeyavunja, hata akiwa mpwa wako. Usipomwondoa huyo, masharti yamekufa.

Masharti yasiache kuwataja wagombea wanawake. Mwanamume akigombea huulizwa atafanya nini. Mwanamke huulizwa ameolewa na nani, ameachwa lini, kwa nini hana mtoto, nguo yake imembana kiasi gani. Anayegombea dhidi ya mwanamke na kuwaacha wapambe wake waseme hayo, huku yeye akijikalia kimya jukwaani na kutabasamu, amekwisha kujieleza alivyo. Ukiyasikia kutoka upande wako, simama hapohapo, chukua kipaza sauti, uyakatae.

Mfano maarufu wa kukataa hapohapo ni wa John McCain, aliyegombea urais wa Marekani 2008. Oktoba ya mwaka huo, katika mkutano mjini Lakeville, Minnesota, mama mmoja alimwambia kwamba hamwamini Barack Obama kwa sababu ni Mwarabu. McCain alitikisa kichwa, akachukua kipaza sauti kutoka mikononi mwake na kumjibu kwamba sivyo, Obama ni raia na mtu mwema mwenye familia, ila wao wawili hawaafikiani katika mambo ya msingi. Katika mkutano huohuo watu wa upande wake mwenyewe walimzomea aliposema hakuna sababu ya kumwogopa Obama akiwa rais. Nalipenda tendo lile, na bado msomaji wa Mombasa au Unguja ambaye babu yake alitoka Hadhramaut au Oman ataona upesi kilichopungua: jibu liliacha ionekane kana kwamba Uarabu na wema ni vitu viwili tofauti. Kwa hiyo unapomkatalia mfuasi wako, kataa na mizani yake. Akisema mpinzani ni wa kabila fulani, usiishie kusema "hapana, si wa kabila hilo." Sema kwamba watu wa kabila hilo ni wapiga kura wako na majirani zako, na kwamba angekuwa wa kwao pia angekuwa na haki ileile ya kugombea. Kenya ilizika watu zaidi ya 1,100 baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, na maneno yaliyosemwa majukwaani yalikuwa na sehemu yake katika vifo hivyo.

Msibani na kwenye sherehe

Hotuba hutokea mara chache. Watu wa kata yako watakupima zaidi kwa namna unavyoingia mahali na unavyotoka.

Msibani hakuna kadi ya mwaliko, kwa hiyo nenda hata kwa mpinzani wako, na nenda mapema. Acha gari mbali, wapiga picha wabaki huko. Wasalimie wafiwa kabla ya kuwasalimia viongozi wenzako. Kaa penye nafasi, mkekani au kwenye kiti cha plastiki, na mtu akitaka kumwinua mzee ili ukae wewe, mzuie kwa mkono. Rambirambi ipeleke kwa mwenye daftari, jina lako liandikwe kwenye mstari wake kama majina mengine, isitangazwe. Ukiombwa neno, mzungumzie marehemu. Kama hukumjua, sema pole na ukae. Kueleza habari za barabara na visima mbele ya jeneza ni kuwaibia wafiwa siku yao, na kwa bahati mbaya jambo hili limekuwa mazoea kiasi kwamba kuna familia zinazowaomba wanasiasa wasizungumze kabisa. Tena usiondoke mara tu baada ya kusema. Kaa hadi kaburi lifukiwe. Kama ratiba haikuruhusu, bora usiseme neno, ushike mikono ya wafiwa, uondoke kimya.

Kwenye sherehe za shule kosa kubwa ni saa. Mgeni rasmi anaalikwa saa nne, anafika saa saba, na muda wote huo watoto wamepangwa mistari juani wakirudia nyimbo. Ukichelewa, piga simu kwa mwalimu mkuu, mwambie awatawanye watoto wakanywe maji na programu ianze bila wewe. Ukifika, sentensi yako ya kwanza iwe ya kuwaomba radhi watoto hao, si meza kuu.

Dereva wako, mlinzi wa getini na mhudumu wa ofisi wanakujua kuliko mkutano wowote wa hadhara. Wana ndugu, na ndugu wana kura. Ila usiwatendee mema kwa sababu ya kura. Watendee mema kwa sababu wewe umepewa cheo na wao hawana pa kukimbilia.

Ukitukanwa, na ukikosea

Machi 2009, katika hadhara ya Maulid kwenye ukumbi wa Diamond Jubilee, Dar es Salaam, kijana mmoja alipanda jukwaani akamzaba kibao Mzee Ali Hassan Mwinyi, rais mstaafu, akiwa na umri wa miaka 83 na yuko katikati ya hotuba iliyogusia kujikinga na UKIMWI. Kijana alidhibitiwa. Mzee Mwinyi aliendelea na hotuba yake.

Wewe huenda usipigwe, lakini utatukanwa, tena mbele ya watoto wako. Fanya mazoezi. Waombe rafiki wawili waje nyumbani wakuzomee unapohutubia, wakuulize maswali ya kuudhi, nawe ujifunze kunyamaza kwa pumzi tatu kabla ya kujibu. Kama tukio ni la mkononi, neno lako la kwanza liwe la kumlinda aliyekukosea asipigwe na wenye hasira, kwa sababu umati wetu unajua kuua. Sheria itamkuta akiwa hai. Halafu rudi kwenye sentensi ulipoishia. Usitunge kijembe cha kulipiza. Kijembe kizuri kitapendwa mtandaoni wiki nzima, na wewe utabaki kuwa mtu anayengojewa aseme kijembe kingine.

Mwinyi huyohuyo alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani watuhumiwa walipokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga na Mwanza mwaka 1976. Hakuwapiga yeye wala hakuagiza. Alijiuzulu mapema 1977 kwa kuwa wizara ilikuwa yake. Akapelekwa ubalozini Misri, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Wapo wanaousimulia mkasa huu kama hesabu, kwamba ukijiuzulu utalipwa urais. Mimi nauchukulia tofauti: siku anajiuzulu hakuwa na njia ya kuyajua ya mbele. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, wala haanzi kwanza kuuliza nani amemvua.

Si kila kosa linahitaji kujiuzulu. Makosa mengi yanahitaji sentensi moja iliyonyooka, na hiyo ndiyo inayowashinda viongozi. "Kumetokea changamoto" haisemi ni nani alifanya. "Kama kuna aliyekwazika" inamgeuza aliyeumizwa aonekane ana moyo mwepesi. Sema: "Nilisaini mkataba ule bila kuusoma wote. Nilikosea. Kufikia Ijumaa nitakuwa nimerudi kwenye baraza na mapendekezo haya." Ijumaa ikifika, rudi.

Kushushwa cheo nako ni mtihani, na kwa hilo sijui mwalimu mzuri kumshinda Rashidi Kawawa. Januari 1962 Mwalimu Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, wiki sita tu baada ya Uhuru, Kawawa akashika nafasi. Kabla ya mwaka kwisha Tanganyika ikawa jamhuri, Mwalimu akawa Rais na Kawawa akawa makamu wake, bila minong'ono wala kambi. Mwaka 1977 uwaziri mkuu, ambao Kawawa alikuwa ameushika tena, ulikwenda kwa Edward Sokoine, mdogo wake kwa miaka 12, na Kawawa akaenda kuongoza ulinzi. Mtu akishushwa leo huanza kwa kuzima simu. Wewe usizime. Siku ya kwanza mpongeze aliyechukua nafasi yako, siku ya pili ripoti kazini pale ulipopangiwa.

Ukishinda

Mshindi ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu hakuna anayemzuia. Desemba 30, 2002, Mwai Kibaki aliapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu baada ya ajali ya gari. Daniel arap Moi, aliyekuwa akiondoka baada ya miaka 24, alizomewa na umati. Kisha Kibaki akahutubia na kusema kwamba anarithi nchi iliyoharibiwa na miaka mingi ya utawala mbovu, Moi akiwa ameketi palepale anasikiliza. Wakenya wengi waliona ni ukweli uliocheleweshwa, nami sibishani na ukweli wenyewe. Nabishana na saa yake. Mgeni wako akikaa mbele yako hana kipaza sauti, ukweli wako juu yake ungoje wiki moja. Kibaki mwenyewe alikuwa muungwana kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na mwaka 2007 alimteua Moi kuwa mjumbe maalumu wa amani kwa Sudan.

Kwa ngazi yako, anza na njia ya msafara. Matarumbeta yasipite mbele ya nyumba ya aliyeshindwa, wala lisibebwe jeneza la bandia lenye jina lake. Ndani ya wiki ya kwanza mtembelee, ukiwa na mtu mmoja tu, umwombe akueleze alichokisikia kwa wapiga kura ambacho wewe hukukisikia. Chukua kalamu. Ukizindua zahanati ambayo msingi wake ulichimbwa na aliyekutangulia, mwalike, mtaje, akate utepe pamoja nawe, na jiwe lenye jina lake libaki ukutani.

Na siku ya kuondoka itafika. George H. W. Bush alimwachia Bill Clinton barua fupi ya mkono Ikulu ya Marekani, Januari 20, 1993, akimtakia heri na kumwambia kwamba mafanikio yake sasa ni mafanikio ya nchi. Diwani aongeze daftari: ahadi alizotoa na hajatimiza, na aliyeahidiwa ni nani, madeni ya ofisi, wagonjwa na wajane ambao kata imekuwa ikiwasaidia, migogoro ya mipaka ambayo pande zote mbili zilikubali kungoja. Kabidhi funguo zote, pamoja na za kabati ambazo hakuna anayejua unazo. Andika namba yako ya simu kwenye ukurasa wa mwisho, na mrithi wako akikupigia, pokea.